Nani Kaniita Shangazi?

Mtafsiri wa hati alikuwa akikaza skrubu ya kiti chake pale fundi cherehani alipoingia na bahasha ya wosia aliomtafsiria, imerudishwa kutoka ng'ambo. Mama mkubwa wa fundi alifariki huko na kuacha wosia: "Nyumba yangu ni ya mwanangu." Wakili wa huko alijibu kwamba marehemu alikuwa shangazi tu, hakuzaa, na nyumba isiyo na mwana huchukuliwa na serikali.

"Kwani uliandika shangazi?" fundi aliuliza.

"Lugha yao ina neno moja," mtafsiri alisema. "Dada wa baba, dada wa mama, wote kapu moja."

Ndipo mama mkubwa akaingia, amevaa koti zito alilozikwa nalo. Ngazi zilikuwa zimemchosha, hivyo mtafsiri akampisha kwenye kiti, skrubu imeshakazwa.

"Shikamoo, mama mkubwa," fundi aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nani kaniita shangazi?"

Mtafsiri alinyoosha mkono kwa adabu.

"Mimi na baba yake tuna undugu gani? Yule nilimjua siku ya harusi."

"Neno hawana, mama."

"Najua. Huyu nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Nilipohamia kule nikaomba anifuate, wakasema shangazi hamwombei mtoto. Basi nikamlea kwa simu."

Fundi hakuwa akilijua ombi hilo. Miaka yote alidhani mama mkubwa alinogewa na ng'ambo, asitake kumchukua. Alisikia nafuu, akakaa juu ya rundo la majalada.

Mama mkubwa akaamuru tanbihi iandikwe: "Mama mkubwa ni mama. Ukubwa ni wa umri tu." Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino. Mtafsiri alinung'unika kwamba sahihi ina tarehe ya baada ya kifo, lakini kazi ni kazi, akagonga muhuri.

Wakili hakuuliza habari ya tarehe. Ufunguo ulikuja kwa posta pamoja na barua, na fundi alicheka peke yake mpaka uzi wa cherehani ukakatika. Akaisoma barua kwa sauti. Ilianza: "Pole kwa kufiwa na shangazi yako."

Mama mkubwa, ambaye siku hizi hushinda dirishani akishona vifungo, aliomba arudiwe sentensi hiyo.

"Haya," alisema, akikata uzi kwa meno. "Nyumba wametoa. Neno bado hawana."