Moshi wa Mzee Stamen

Zlatka aliteremka mlimani kutoka kwenye darubini yake amevimba kwa hasira, akaingia kwa baba yake bila hodi.

"Baba, zima jiko!"

"Marhaba, mwanangu," akajibu Mzee Stamen, ingawa hakuamkiwa. Alikuwa anageuza patatnik, viazi vya kukwaruza, visiungue.

Zlatka akamweleza harakaharaka. Kuna jiwe la angani, dogo tu, halizidi kanisa lao, linapita karibu na dunia. Yeye anapima mng'ao wake. Unavyopanda na kushuka ndivyo anavyojua jiwe linavyojizungusha. Sasa, ukilitazama kutoka mlimani, jiwe limeshuka hadi juu ya paa la mzee, na kila jioni mng'ao unafifia ovyo. Amekuna kichwa weee, kumbe ni moshi wa babake mwenyewe! Na leo ndiyo mwisho. Likipita, halirudi mpaka Zlatka awe bibi kizee.

"Bibi kizee asiye na mume," mzee akachokoza.

"Baba!"

"Haya, haya, nazima."

"Kwani moto wote huo wa nini, nawe uko peke yako?"

Mzee akafuta mikono kwenye suruali. "Ili ukishuka ukute nyumba ina joto. Tangu theluji ianze hujaja hata mara moja."

Zlatka akamwinamia. Akambusu kipara, akarudi mlimani mbio.

Na jamani, kazi ilikwenda! Mng'ao ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, safi, bila doa. Zlatka akacheka peke yake kama kichaa. Kisha kicheko kikamkauka. Kila nukta safi kwenye kompyuta ilimwambia jambo lilelile: baba hajawasha jiko. Baridi yote hii, na mzee wa watu ameketi tu kwa sababu bintiye kasema.

Moyo ulimuuma. Akaiacha darubini ilifuate jiwe yenyewe, akabeba blanketi na chupa ya chai.

Alimkuta kando ya jiko lililopoa, kavaa koti na kofia, sufuria ya patatnik iko mapajani, kaifunika kwa taulo.

"Limeshapita?" mzee akauliza, meno yakigongana.

"Bado."

"Sasa umefuata nini?"

"Chakula changu. Hebu sogea, baba."

Akajikunyata ubavuni pake, akawafunika wote wawili. Jiko hawakuliwasha.