Kiroboto na Kichochoro cha Pacha

Watu wa mtaa walikiita kigari kile Kiroboto, kwa udogo wake na kwa jinsi kilivyoruka kila mwenyewe alipoachia klachi. Mwenyewe, fundi cherehani wa nyumba ya kona, hakununa. Alimpenda Kiroboto kupita kiasi. Ukilaza kiti cha nyuma na kuinua ule mlango wa nyuma juu, yanaingia marobota ya vitambaa, inaingia cherehani na miguu yake, na bado mumewe seremala anapata pa kukaa mbele, ingawa kwa urefu wake magoti humfika karibu na masikio. Mume hulalamika kila siku, na kila siku ndiye wa kwanza kuomba lifti.

Aibu ya fundi ilikuwa moja, na aliificha mwaka mzima. Hakujua kurudisha gari nyuma.

Usimcheke kabla hujasikia. Aliyemfundisha kuendesha ni shemeji yake kinyozi, kwa pikapu kuukuu iliyokuwa na gia zote isipokuwa ya kurudi nyuma. Ilikufa zamani, na shemeji hakuona sababu ya kuitengeneza. Wakikwama mahali, shemeji alishuka, akaita watu, wakasukuma. Kwa hiyo fundi alihitimu akiamini kabisa kwamba kurudi nyuma ni kazi ya wasukumaji, si ya dereva. Siku ya mtihani aliambiwa aende hadi kwenye kona azunguke. Akaenda, akazunguka, akapewa leseni. Alipokuja kugundua kwamba wenzake wote wanarudi nyuma wenyewe, Kiroboto alishafika uani na majirani walishapiga vigelegele. Angeanzia wapi kuuliza?

Basi akapanga maisha yake yote yawe ya kwenda mbele. Nyumbani aliingilia lango moja na kutokea lingine. Sokoni aliegesha mwisho kabisa, ambako hakuna wa kumziba. Akipitiliza duka, hakurudi. Alikwenda hadi kituo cha mafuta, akakizunguka, akaja upya. Wauza mafuta walizoea kumpungia mkono, wakidhani anapita kuwasalimia.

Kwingine kote mambo yalikwenda, ila sehemu moja. Mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye, alikuwa na pacha wake upande wa pili wa mji, na pacha huyo alikaa mwisho wa kichochoro kisicho na pa kutokea. Magoti ya wazee hao, yote manne, yaligoma kwa pamoja kana kwamba yamekubaliana. Ngazi za mabasi zikawashinda, wakabaki kusalimiana kwa simu. Kwenye Kiroboto, mama mkwe hakupata shida kabisa: kiti ni cha chini, anakaa kwanza, miguu inafuata kwa wakati wake. Lakini kila alipoomba apelekwe kwa pacha wake, fundi alipata sababu. Leo tairi. Leo sare za shule zinasubiriwa. Leo mvua. Na kila alipodanganya roho ilimuuma, maana yule mama alimpenda kweli.

Jumamosi moja simu ikaja asubuhi. Pacha anahama. Binti yake anayeishi mji wa mbali amekuja kumchukua akaishi naye, na basi linaondoka adhuhuri. Mama mkwe alitoka chumbani amevaa nguo yake nzuri, mkoba kwapani, akasimama mbele ya cherehani.

"Mwanangu, leo usinitajie tairi," alisema.

Fundi aliacha shati la watu bila mkono wa pili, akachukua ufunguo. Alijiambia kwamba wakifika huko mwisho, Mungu atamwona.

Hawakufika huko mwisho. Walipokuwa katikati ya kichochoro, kuta zikiwa karibu kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukazigusa, lori la matofali likatokea mbele yao na kusimama pua kwa pua na Kiroboto. Dereva wake akatoa kichwa dirishani.

"Shikamooni mama zangu. Samahani sana, nimesheheni, na nyuma yangu kuna teksi. Rudini kidogo tu mpaka barabarani, nipite."

Kidogo tu! Fundi aliangaza huku na huku akitafuta watu wa kusukuma. Alimwona mbuzi mmoja, naye alikuwa na shughuli zake.

"Mama," alisema, "nina jambo la kukwambia."

"Kwamba hujui kurudi nyuma?"

Fundi aliachia usukani, akamgeukia.

"Nimelijua siku nyingi," mama mkwe alisema. "Mtu gani anazunguka kituo cha mafuta mara tatu akitafuta duka la vifungo?"

"Na hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Sasa siwezi kungoja tena, pacha wangu anaondoka."

"Nilidhani utanicheka."

"Nitacheka baadaye. Hebu nijibu. Ukimaliza mshono, si unaurudisha nyuma ili usifumuke? Unaangalia wapi?"

"Kwenye sindano."

"Basi angalia kile kioo cha mlango wa nyuma. Gari hili halina mkia. Kioo kinapoishia, na lenyewe limeishia. Twende."

Fundi alikanyaga klachi na kuisukuma ile gia ambayo hakuwahi kuigusa. Ikaingia kwa kuguna. Kiroboto akaruka, safari hii kinyumenyume, akasimama, akaenda tena. Mama mkwe alitoa kichwa dirishani na kuanza kazi ya utingo kama aliyezaliwa nayo.

"Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Nimesema kulia, mwanangu, huo ni ukuta wa watu. Haya, njoo."

Kioo cha pembeni kilibusu ukuta, kikajikunja. Hakuna aliyejali. Lori lilifuata polepole, dereva wake akiongoza kwa mkono na kusema taratibu mama, vizuri mama. Fundi alikuwa ametoa jasho mpaka mgongoni, macho kwenye kile kioo kipana, na alipoona barabara inaingia ndani yake, na magurudumu ya nyuma yakagusa lami, alipiga yowe la furaha ambalo hakujua kama analo. Alicheka mwenyewe. Mama mkwe naye akaanza kile kicheko alichokuwa amekiahidi.

Lori likatoka, likapiga honi ya shukrani. Nyuma yake ikatoka teksi, na dirishani mwa teksi mama mkwe aliona uso wake mwenyewe ukimtazama.

Alikuwa pacha. Binti yake aliogopa kuchelewa basi, akaamua waondoke mapema. Teksi ilisimama hata kabla binti hajasema lolote, kwa sababu pacha alikuwa ameshika bega la dereva na haliachii. Alikataa katakata kuendelea na safari ndani ya teksi hiyo. Mizigo na binti wakatangulia, na wazee wawili wakakaa kiti cha nyuma cha Kiroboto, mikono imeshikana, wakizungumza kwa pamoja bila yeyote kungoja zamu. Fundi aliendesha polepole kwa makusudi, na waliompigia honi aliwaacha wapige.

Stendi waliagana mara tatu. Kila mara mmoja alikumbuka neno. Kondakta na binti walimpandisha pacha ngazi kwa ngazi, basi likaondoka, na mama mkwe akarudi kwenye kiti cha mbele, leso usoni.

Furaha ya fundi iliyeyuka. Aliufikiria mwaka mzima wa tairi na mvua.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ningekupeleka kwake tangu zamani."

Mama mkwe aliishusha leso. Kisha akauliza, "Huko anakohamia, kwa hili gari ni mbali kiasi gani?"

"Tangi moja, mama. Kiroboto hanywi mafuta, anaonja tu."

Mama mkwe akafuta macho, akavuta mkanda na kuufunga mwenyewe.

"Basi Jumamosi ijayo lijaze," alisema.