Mkutano Ujao

Kule juu ya Maji ya Chai, mahali barabara inapoyaacha maduka na kuanza kupanda kwenye migomba, kila mtu alimwita Sifaeli "Mheshimiwa". Hakuwahi kugombea hata ujumbe wa kitongoji. Kosa lake lilikuwa redio. Bunge likikaa Dodoma, Sifaeli naye alikaa barazani kwake, kahawa isichumwe, ng'ombe walie njaa, yeye anasikiliza. Alijua muswada unasomwaje mara ya kwanza na mara ya pili, na alijua ni mbunge gani anaunga mkono hoja kwa mdomo tu. Watu walimcheka, na wakishamaliza kucheka walimuuliza mbolea itashuka bei lini.

Mwaka ule redio ilileta habari ya muswada wa bima ya afya kwa wote. Hiyo ilimwingia kuliko habari zote alizowahi kusikia, kwa sababu mkewe Elinaza alikuwa anaumwa moyo.

Daktari mmoja mjini Arusha alikuwa amemwonyesha kwa kidole kwenye picha: mlango mmoja wa moyo umekaza, damu inapita kwa shida. Inabidi apasuliwe Dar es Salaam, tena mapema, kabla moyo haujatanuka na kuchoka. Bima hawakuwa nayo. Fedha aliyoitaja daktari isingepatikana hata kama Sifaeli angeuza ng'ombe wote na kahawa ikiwa bado maua.

Wa kwanza kuja na wazo alikuwa Abdiel, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi, ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Abdiel ndiye aliyeendesha mnada kila Jumapili baada ya ibada. Asiye na fedha ya sadaka huleta mkungu wa ndizi, mayai, papai au kuku, na vitu hivyo huuzwa pale nje ya kanisa kwa kelele na utani. Anayenunua mara nyingi harudi na kitu nyumbani. Anakirudisha kiuzwe tena, na wa pili naye anakirudisha. Akitokea mgonjwa wa kusaidiwa, hufanywa mnada wake mwenyewe.

"Jumapili ijayo tumfanyie shemeji mnada," Abdiel alisema.

"Hapana," Sifaeli akajibu. "Muswada unajadiliwa mkutano wa Novemba. Wabunge wenyewe wote chama kimoja, nani ataupinga? Ukipita, mwenye nacho na asiye nacho wanatibiwa sawa. Sasa tuwakamue watu kwa kitu ambacho serikali inakileta?"

Maneno hayo yalisikika kama busara, na Abdiel, ambaye siasa zilimpita kando, akaliacha wazo lake. Lakini haikuwa busara. Kwa miaka mingi Sifaeli ndiye aliyekuwa akirudisha mikungu kwa sauti kubwa mpaka wanakwaya wakapiga vigelegele. Kusimama sasa na kusikia jina la mkewe likitajwa katikati ya mapapai na kuku, huku macho ya huruma yakimwelekea yeye, hilo lilimshinda. Muswada ulimpa pa kujificha, naye akajificha.

Elinaza hakuwa mjinga. Jioni hiyo, akimenya ndizi jikoni, alimuuliza, "Baba Nashilu, huo muswada ukipita, kesho yake mimi naenda hospitali?"

Sifaeli alilijua jibu kuliko mtu yeyote mlimani pale. Muswada ukipita unasubiri saini, kisha kanuni ziandikwe, kisha itangazwe siku ya kuanza. "Upite kwanza, mama," alisema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo." Elinaza akaweka kisu chini. "Kama unaona aibu, sema tu unaona aibu. Mimi sitakucheka."

Sifaeli akaongeza sauti ya redio.

Novemba muswada uliahirishwa. Wabunge walitaka kujua fedha za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi. "Ni swali zuri," Sifaeli aliwaeleza watu. "Serikali inakwenda kujipanga. Mkutano ujao, Februari, unapita." Aliieleza vizuri mpaka mwenyewe akaamini.

Elinaza alikuwa mtu wa kupanda kutoka mtoni na ndoo kichwani huku akiimba. Sasa alianza kupumzika kwenye mparachichi wa katikati ya njia. Baadaye akawa anapumzika kwenye mparachichi na tena kwenye geti la jirani yao Mika, ambapo Silantoi, mke wa Mika, alitoka na kumpokea ndoo. Krismasi ilipofika hakwenda tena mtoni. Miguu ilivimba, na usiku alilala akiwa ameketi. Wanawake wa usharika walipoanza kunong'ona, aliwakatisha. "Mume wangu anazijua hizo habari za Bunge," alisema. "Akisema Februari, ni Februari." Sifaeli aliyasikia hayo akiwa nyuma ya nyumba, akakata majani ya ng'ombe mpaka mkono ukamuuma.

Februari wakaahirisha tena.

Siku hiyo Sifaeli alizima redio kabla habari hazijaisha, akashuka kwa Abdiel. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Abdiel alimwangalia. Methali ya mficha maradhi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na kwa upendo aliimeza. "Jumapili," alisema tu.

Jumapili hiyo Elinaza aliketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge cha njano. Abdiel alitoa jogoo wake mwekundu, akamnyanyua juu. Jogoo akanunuliwa, akarudishwa. Akanunuliwa, akarudishwa. Walinunua wanakwaya, wakanunua mama wa sokoni, akanunua dereva wa lori la mchanga. Hata Dismasi, Mkatoliki aliyekuwa akipita zake akitoka misani, alisimama akamnunua mara mbili, akasema eti ugonjwa hauna dhehebu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwisho jogoo akapewa Elinaza mwenyewe, akampakata kama mtoto.

Hakuna aliyemtazama Sifaeli kwa macho aliyoyaogopa. Hakuna aliyemtazama kabisa. Kabla ya saa sita mchana fedha ya Dar es Salaam ilikuwa imetimia. Sifaeli alilia hadharani na watu wakadhani ni furaha. Kumbe alikuwa anaona kwamba jambo alilolikimbia tangu mwaka jana lilikuwa la asubuhi moja, tena asubuhi ya kicheko.

Dar es Salaam walipimwa wiki nzima. Daktari, mama mmoja mpole, aliwaketisha akawaambia moyo umeshatanuka sana na hautastahimili upasuaji. "Mngekuja mwaka jana," alisema. Hakusema kwa kulaumu. Elinaza alimshika mumewe mkono chini ya meza, akaushika hivyo hivyo mpaka nje.

Aliishi mpaka masika. Siku zake za mwisho alitolewa barazani apate jua likitokea, na jogoo akizunguka miguuni pake. "Huyu asichinjwe msibani kwangu," alisema siku moja.

"Hatachinjwa."

"Na wewe, Baba Nashilu." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta tena. "Nikiwa sipo, ukiona aibu, sema unaona aibu. Usiseme Bunge."

"Nisamehe, mama," Sifaeli alisema.

"Nilishakusamehe jikoni siku ile. Ila nilitamani kuishi."

Alizikwa pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Ile fedha ya mnada ilinunua jeneza na chakula cha waombolezaji. Nashilu, binti yao anayefanya kazi Kisongo, aliomba redio akaondoka nayo, maana baba yake hakuigusa tena.

Novemba iliporudi, Abdiel alipanda kilima akihema. Sifaeli alikuwa akipalilia kando ya kaburi. "Mheshimiwa! Muswada umepita! Wabunge wamepiga meza mpaka basi. Ulisema kweli!"

Sifaeli aliendelea kupalilia. Hakuna ubaya aliowahi kutendewa uliomuuma kama sifa ile.

Jioni yake alikuja Mika. "Shikamoo, baba." Uso wake ulikuwa na nuru. Silantoi alikuwa ameonekana na uvimbe tumboni, alisema, wa kutolewa mapema, na Mzee Abdiel alikuwa amewataja kwa ajili ya mnada. "Nimemwambia asihangaike. Si umepita? Tutasubiri waanze kutoa kadi."

Sifaeli alimtazama. Alikijua kile kidevu kilichonyanyuliwa juu kidogo. Alikuwa amekinyoa kila Jumapili kwenye kioo chake mwenyewe.

"Mika, mwanangu. Unaona aibu?"

Kijana akainamisha kichwa.

"Mimi niliona aibu," Sifaeli akasema. "Sikuwa nasubiri muswada wowote. Niliona aibu tu." Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kaburi, pembeni ya migomba. Mika alianza kulia taratibu.

Jumapili Sifaeli alimfunga yule jogoo miguu, akamkumbatia mpaka kanisani. Ibada ilipokwisha alipenya mbele za watu na kumkabidhi Abdiel. Silantoi alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, Mika nyuma yake. Sifaeli alikuwa ameazimia kulitaja jina la Silantoi yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, wasikie mpaka walioko barabarani.

Abdiel akamnyanyua jogoo. "Haya, ndugu zangu, tunaanza. Mheshimiwa, tuambie. Mnada huu ni wa kumtibu nani?"

Sifaeli akavuta pumzi.

"Elinaza," akasema.

Silantoi alijifunika uso kwa kanga. Abdiel alimshusha jogoo, akamtazama rafiki yake, kisha akamnyanyua tena na kuanza kuita bei.