Unene wa Yeshimebet

Yeshimebet alipoambiwa kwamba figo yake ingemfaa mdogo wake, alilia kwa furaha mbele ya daktari. Damu zao zilikubaliana, vipimo vya kwanza vilikubaliana, na moyo wake ulikuwa umeshakubali zamani, tangu Wubishet alipoanza kuvimba uso na miguu, ikagundulika kwamba shinikizo la damu limeziua figo zake zote mbili kimyakimya. Daktari Hirut alimwacha alie mpaka amalize, akampa karatasi ya kujifutia, ndipo akamwambia lililobaki. Kwa mwili ule aliokuwa nao, hawezi kupasuliwa.

"Mafuta ya tumboni yatamsumbua atakayekupasua, mama, na wewe yatakusumbua zaidi," alisema. "Halafu figo moja utakayobaki nayo itaubeba mwili huu wote peke yake. Siwezi kumtibu mgonjwa mmoja nikabaki na wagonjwa wawili. Punguza, kisha urudi."

Akamtajia kilo za kupunguza. Zilikuwa uzito wa mtoto anayeanza shule.

Yeshimebet hakuwa amewahi kuuonea haya mwili wake. Mtaani kwao Addis Ababa hakukuwa na arusi wala kumbukumbu ya marehemu iliyopikwa bila yeye. Vitunguu vyake vya mchuzi wa kuku viliiva polepole nusu siku nzima, bila tone la mafuta, kabla siagi haijaruhusiwa kuvigusa, na watu walisema mpishi mwembamba hawezi kuwa na subira hiyo. Alitembea taratibu, mabega nyuma, kama mtu aliyekwisha kufika. Yeye ndiye aliyemlea Wubishet. Mama yao alipokufa kwa kisukari, mtoto alikuwa bado shule ya msingi, na Yeshimebet alimlisha mpaka akawa mwalimu wa jiografia, akaoa, akahamia nyumba ya mtaa wa pili. Ndugu mwingine hawakuwa naye. Mkewe, Meskerem, alijitolea wa kwanza, lakini damu yake ilikataa.

Kwa hiyo kazi ilimwangukia Yeshimebet, na aliianza kwa nguvu zote. Jirani yake Birke, fundi cherehani aliyekonda kama uzi wake, alikuwa na desturi ya kukimbia alfajiri kwenye ngazi za uwanja wa Meskel, akamchukua. Pale hapakosi watu: wazee waliovaa makoti, wasichana wanaojiandaa kwa mashindano, askari, makarani, kila mtu na ngazi yake, wanakwenda upande huu na kurudi upande ule. Siku ya kwanza Yeshimebet alikwenda upande mmoja, akaketi.

"Umeshamaliza?" Birke alimuuliza.

"Napumzika."

"Unapumzika kutoka kwenye nini?"

Walicheka wote wawili. Siku zile kucheka kulikuwa rahisi. Aliacha sukari kwenye kahawa, akapunguza mkate wa injera, akaacha kumega pembeni ya sufuria, na mizani ya duka la dawa ikaanza kumtii. Sketi zikalegea. Kila aliporudi kutoka dukani alipita kwa Wubishet kumwambia, naye alitabasamu kwa ule uso uliokuwa umegeuka rangi ya majivu, akasema, "Dada, usijiue kwa ajili yangu," lakini macho yalikuwa yamekwisha kung'aa kabla mdomo haujasema.

Kisha mizani ikagoma. Aliendelea kwenda uwanjani, aliendelea kula kidogo, au ndivyo alivyoamini, na mshale ukabaki palepale wiki baada ya wiki, halafu ukaanza kupanda tena. Alifikiri mizani imeharibika, akaenda duka jingine. Kwaresima ilipoingia akashukuru, akasema sasa mfungo utamsaidia, maana hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi, wala hakuna chochote mpaka mchana. Mfungo ukaisha akiwa ameongezeka. Birke alimwambia waziwazi kwamba alifunga nyama tu, mdomo hakuufunga, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kilichomtesa zaidi ni macho ya mdogo wake. Siku za kusafishwa damu yeye ndiye aliyempeleka hospitali, kwa kuwa Meskerem alikuwa kazini. Wubishet alilala kitandani, mirija miwili shingoni, damu yake ikitoka na kurudi kupitia mashine ya kuisafisha, na Yeshimebet alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni. Walizungumza habari za shule, za majirani, za mvua. Lakini kila alipoingia mlangoni, kabla ya salamu, macho ya Wubishet yalishuka kiunoni kwake, yakapima, kisha yakapanda haraka usoni. Hakuwahi kuuliza. Yeshimebet alitamani aulize, amgombeze hata, kwa sababu yale macho hayakumpa nafasi ya kujibu. Alianza kuvaa shuka pana la pamba hata siku za joto.

Mezani kulikuwa na mambo yale yale. Wubishet alikuwa amekatazwa ndizi, viazi, nyanya, chumvi, hata maji alipimiwa. Siku moja walikula pamoja kwenye sinia moja, na Yeshimebet alipomega injera aliona mdogo wake ameacha kutafuna. Alikuwa anafuata mkono wake, toka siniani mpaka mdomoni. Akarudisha tonge, akasema ameshiba.

Ambacho Yeshimebet hakukijua ni kile kilichokuwa kikitokea baadaye, akisharudi nyumbani. Alikijua siku Meskerem alipokuja kurudisha chombo, mchana, akaingia bila kubisha kama ndugu wanavyoingia. Yeshimebet alikuwa ametoka hospitali muda huo huo. Siku hiyo mirija ya Wubishet ilikuwa imepata uchafu, homa ikampanda akiwa bado mashineni, akatetemeka mpaka kitanda kikalia, na wauguzi walimtoa dada yake nje. Sasa Yeshimebet alikuwa amesimama jikoni, hajavua hata viatu, shuka begani, anakula mchuzi mzito wa dengu uliopoa. Alikuwa anauchota sufuriani kwa vidole, anaufuatisha na mkate, haraka, bila kutafuna vizuri. Karibu sufuria yote ilikuwa imekwisha. Hakukumbuka kuifungua.

Meskerem alisimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mpole, aliyekuwa halali vizuri tangu mumewe augue.

"Kula tu, wifi," alisema. Akaweka chombo mezani, akaondoka.

Yeshimebet alinawa mikono, akaketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza akajitazama kama anavyomtazama mtu mwingine. Kila siku ya hospitali aliporudi alikuwa anafanya hivi. Sufuria ilikuwa tupu kila siku ya hospitali, na yeye alikuwa anadhani amepika kidogo. Hakuwa na njaa. Alikuwa na kitu kingine kinachokaa mahali pa njaa, kinachouma kama njaa, na tangu ujanani, tangu matanga ya mama yake, alipokaa jikoni na masufuria ya watu, hakuwa na njia nyingine ya kukinyamazisha.

Alimwendea Birke akamweleza yote. Birke hakumgombeza. Aliacha cherehani, akafikiri, akamwambia kwamba safari nyingine akijikuta jikoni, kabla ya kugusa chochote, aseme kwa sauti anachokisikia moyoni. Akitaje jina. Pengine kikiitwa jina kitapungua nguvu.

Siku ya hospitali iliyofuata Yeshimebet alirudi, akasimama mbele ya jiko, akasema kwa sauti, peke yake, "Naogopa. Naogopa atakufa kwa sababu yangu." Alisubiri. Kisha akafunua sufuria akala, akilia, akijua kila tonge linavyoingia na linakwenda wapi. Ilikuwa mbaya kuliko zamani, kwa sababu zamani alikuwa hajui.

Hata hivyo aliendelea kusema, kwa kuwa hakuwa na dawa nyingine. Mara nyingi alisema na akala. Mara moja moja alisema, akaishiwa nguvu, akaenda kulala bila kula. Aliacha kupikia arusi, kwa maana mpishi asiyeonja hapiki, na mtaa ukaanza kunong'ona kwamba anaumwa, wengine wakataja magonjwa. Akakaza kwenye ngazi za uwanja. Alipoanguka mwezi huu aliinuka mwezi ule. Wubishet naye alikuwa anaisha pole pole upande wake, mashavu yakiingia ndani, ufundishaji akiwa ameshauacha, na Yeshimebet alihisi kama wao wawili wanashindana kupungua, na kwamba mdogo wake anakwenda mbio kuliko yeye.

Mvua kubwa zilipokatika, mizani ya Daktari Hirut ikakubali. Daktari alisimama kabisa akampa mkono. Alimwambia amefanya jambo ambalo wengi hushindwa, akamwandikia vipimo vya mwisho. Jioni ile kwa Wubishet kulikuwa na kahawa na mbisi, Meskerem akamkumbatia wifi yake akashindwa kumwachia, na Wubishet alizungumza, kwa mara ya kwanza katika mwaka ule, juu ya mambo atakayofanya. Atawapeleka wanafunzi wake Bonde la Ufa, wakaone ardhi inavyopasuka.

Kwenye vipimo walimnywesha maji ya sukari wakamtoa damu, wakangoja, wakamtoa tena. Baada ya hapo alikaa wiki mbili bila habari. Alipoitwa, Daktari Hirut hakuwa na tabasamu. Alisema sukari yake haijawa ugonjwa, lakini imekwisha kufika mlangoni. Kwa mtoto wa mama aliyekufa kwa kisukari, akibaki na figo moja, baraza la madaktari linaona baada ya miaka si mingi naye atakuwa kwenye kile kitanda cha mashine. Wamekataa.

"Nipunguze zaidi," Yeshimebet alisema. "Niambie kiasi gani."

"Hapana, mama. Umepunguza vya kutosha. Kama usingepunguza, leo ningekuambia tayari una kisukari. Umejiokoa."

"Sikuja kujiokoa mimi."

Daktari aliinamisha kichwa. Alisema watatafuta ndugu wengine, hata wa mbali, na kwamba mashine ipo. Yeshimebet aliuliza kama anaweza kutia sahihi kwamba kikimpata chochote baadaye ni juu yake mwenyewe. Aliambiwa haiwezekani. Aliuliza tena kwa maneno mengine, akaambiwa hivyo hivyo.

Baada ya siku hiyo hakwenda tena uwanjani. Birke alimngoja alfajiri kadhaa, kisha akaacha kumngoja. Na mwili, ambao ulikuwa umemkatalia alipouomba, sasa ukaanza kupungua wenyewe. Chakula kilimshinda. Alifunua sufuria akafunika. Watu wa mtaa waliokuwa wananong'ona wakawa na hakika.

Jumapili moja Wubishet alikuja kwake, akitembea kwa kusimamasimama, mkewe amemshika mkono. Meskerem alimketisha kwenye kiti cha jikoni akatoka nje kuzungumza na Birke. Wubishet alikaa muda akivuta pumzi. Kisha akasema kwamba kuna jambo lazima alitoe. Miezi yote ile alikuwa anamhesabia matonge. Alipokuwa amelala pale mashineni alikuwa anamchukia akimwona anatafuna hata karanga, akajichukia mwenyewe kwa kumchukia.

"Nilijua," Yeshimebet alisema.

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unahesabu vizuri."

Wubishet alicheka kidogo, kicheko kilichomwishia kwa kukohoa. Dada yake akamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. Mifupa ya mgongo ilikuwa inahesabika.

"Sasa tunafanyaje?" Wubishet aliuliza.

Yeshimebet alitafuta jibu. Alikuwa amemjibu mtoto huyu maswali yote tangu akiwa mdogo, hata yale ambayo hakuyajua, na safari hii hakupata hata la kubuni.

"Kesho ni siku ya mashine," alisema mwishowe. "Nitakuja kukuchukua saa moja."

"Saa moja," Wubishet alisema. Aliegemeza kichwa ukutani akafumba macho, na baada ya kitambo kidogo akawa amelala, mdomo wazi. Yeshimebet alivua shuka lake la pamba, akamfunika miguu iliyovimba, akaketi karibu naye akisikiliza pumzi zake mpaka Meskerem aliporudi.