Glasi Isiyokolea

Geti limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa baba, kazini. Anayefungiwa ni bibi, kwa sababu akitoka hajui njia ya kurudi. Lakini kufuli haliulizi umri. Shangazi, mwenye ufunguo wa pili, aliahidi kuja asubuhi kunipokea zamu ya kumwangalia bibi ili niwahi mtihani wa vitendo wa baiolojia. Nikiukosa narudia mwaka mzima, na mwaka wenyewe nitaurudia humu humu ndani.

Basi nikawa najinoa jikoni. Majani mawili ya mchicha, glasi mbili: moja maji ya chumvi, nyingine maji matupu. La kwenye chumvi linanyong'onyea, maana chumvi inalinyonya maji. La pili linabaki limesimama. Nikaenda dirishani kumchungulia shangazi, nikasimama huko mpaka miguu ikafa ganzi. Barabara nyeupe.

Niliporudi, majani yote mawili hoi! Bibi kakaa pembeni na kopo la chumvi, anajilamba kidole.

"Haya ya huku yalikuwa hayajakolea," akasema. "Nimekurekebishia."

"Bibi! Umeniharibia!"

"Nikuharibie nini? Mimi nimekula chumvi nyingi, mjukuu wangu."

Siku nyingine ningecheka. Simu ikalia. Baba.

"Shangazi yako hatafika, mwanawe anaumwa. Vumilia, mama. Mtihani upo hata mwakani."

"Baba, njoo wewe unifungulie!"

"Halafu bibi yako abaki na nani?" Akakata.

Nikakaa sakafuni nikalia kwa hasira. Nilimchukia baba, nikalichukia lile kufuli na, Mungu anisamehe, nikamchukia na bibi.

Bibi akaitazama sare yangu, toka kola hadi soksi. "We mtoto, leo huendi shule?"

Alikuwa akiniuliza hivyo tangu alfajiri, nami namjibu kwa mkato. Sasa nikainua uso, nikamtazama. Nyumba nzima hii, anayesahau hata jina lake ndiye pekee anayekumbuka kwamba mimi ni mwanafunzi.

Akanishika mkono, tukatoka mpaka getini. Akalivamia kufuli, akalitikisa kwa nguvu zake zote.

"Fungueni! Mtoto anachelewa!"

Nami nikalishika, tukatikisa pamoja, tukipiga kelele kama wendawazimu. Hakuja mtu. Alipochoka akaliachia, akanigeukia huku anahema.

"Kwani," akaniuliza, "tulikuwa tunakwenda wapi?"