Mwiba wa Mzee Longino

Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunapenda kujisifu. Ni kweli, na leo nitajisifu bila kuomba radhi, maana binti yangu Kokulinda ndiye aliyemwokoa baba yake.

Mume wangu Longino alishikwa na tumbo siku chache baada ya sherehe ya kipaimara hapa Pasiansi. Zahanati wakasema taifodi. Akanywa dawa, homa ikazidi, tumbo likawa gumu, hata shuka hakutaka limguse. Nilimwona anakwisha hivi hivi, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Tukampeleka hospitali anakofanya kazi Kokulinda. Madaktari wenzake walidhani ni kidole tumbo. Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari bingwa akamuuliza kama alimeza mfupa au mwiba wowote, mzee akakasirika.

"Mimi nimezaliwa ziwani. Mwiba utanipatia wapi?"

Mtu wa ziwani hakubali kwamba samaki kamshinda. Afadhali umwite mwizi. Kokulinda anamjua baba yake. Akavuta kiti, akaanza kupiga soga.

"Shikamoo, baba. Nasikia kwenye sherehe ulikula ugali, wewe mtu wa ndizi?"

"Marahaba. Ugali gani? Tonge moja tu, nikalimeza."

"Bila kutafuna?"

"Bila kutafuna. Na lilikuwa kubwa," akajibu, tena kwa majivuno.

Binti yangu akainuka. Huku kwetu mtu hamezi tonge zima isipokuwa anasukuma mwiba uliomkwama kooni, na ndizi hazisukumi kitu. Akawaambia wenzake wampige picha ya CT skani, na wautafute mwiba wenyewe. Ukaonekana: mstari mwembamba, umetoboa utumbo. Akapasuliwa siku hiyo hiyo, na usaha ukasafishwa.

Aliporudi nyumbani, majirani walikuja kumpa pole, karibu wote wavuvi. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema ilikuwa taifodi, nimsitiri mume wangu. Longino akaniwahi. Akatoa mfukoni kichupa alichopewa hospitali, akakiweka mezani kila mtu aone.

Tangu anioe nilikuwa sijamsikia akikiri kushindwa na kitu.

"Mwiba wa sato huo," akasema. "Ulinishinda mimi, ukawashinda na madaktari. Aliyeugundua ni Kokulinda, mwanangu wa kumzaa."