Shati Juu ya Jiwe

Shati la Benvindo lilikuwa limetandazwa juu ya jiwe, mikono wazi, na askari ameinama akisoma jina la meli lililoshonwa kwenye kola kwa uzi mwekundu. Nilijua papo hapo kwamba nimemponza kwa sabuni yangu mwenyewe.

Sisi wafuaji wa kijito cha Platteklip, pale Keptauni, tuna ugonjwa mmoja: nguo chafu haituachi tulale. Siku tisa nilimficha mtu yule wa visiwa vya Kepuvede, aliyetoroka meli ya Wamarekani ya kuvua nyangumi, mgongo umejaa makovu ya kamba. Shangazi Mymoena alinionya nisitoe hata soksi yake nje. Siku ya kumi nikaiona ile kola ilivyochafuka, nikashindwa kuvumilia, nikalifua shati na kulianika nje.

Askari wakamkamata. Mahakamani nahodha wa meli ile alidai arudishiwe mtu wake siku ileile, maana meli ilikuwa inang'oa nanga kesho yake. Nilikaa nyuma nikilia bila kujificha. Nilimpenda, na sikuwa nimemwambia.

Hakimu, Mwingereza mzee mwenye mafua, alipitisha kidole kwenye orodha ya mataifa yaliyopatana na Malkia kurudishiana mabaharia watoro. Akaanza tena kutoka juu.

“Nahodha, taifa lako halimo,” akasema. “Angetoroka meli ya Kiingereza, ningekupa askari na pingu. Huyu sina mamlaka naye.”

“Kwa hiyo nimwache hivihivi?”

“Ukimkamata kwa nguvu mjini humu, wewe ndiye nitakayekuwa na mamlaka naye.”

Benvindo akatoka amevaa shati lile, jeupe kuliko la hakimu. Shangazi akanisukuma kwa kiwiko.

“Shati umelifua, mwenyewe hujamwambia neno. Utasema, au nikusemee?”

Nikasema.

Alisilimu, tukaoana, tukaishi miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo mashati yake niliyaanika ndani, karibu na jiko. Majirani walicheka, naye alinitania: “Galiema, meli ilishaondoka, mke wangu.” Sikumsikiliza.

Juzi, baada ya kumzika, nilifua shati lake la mwisho, nikalipeleka kijitoni, nikalitandaza juu ya jiwe. Nikakaa nalo mpaka likakauka. Hakuna aliyekuja kuuliza ni la nani.